Pipa la Bi Wima

Wewe unayesikiliza, umewahi kumwona mtu mzima, mwenye mvi zake, amesimama kwenye kaunta ya duka la ala za muziki akijigonga kidevuni kwa kijiti cha kupigia ngoma, macho ameyafumba, na wateja wengine wanasubiri nyuma yake? Kama hujawahi, basi hukuwepo Alhamisi ile alasiri. Bi Wima alijigonga hivyo kwa vijiti kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyemharakisha akaharakika.

"Mama, watu wanatutazama," binti yake alimnong'oneza.

"Wana macho, waache wayatumie."

Kila kijiti alikiviringisha kwanza juu ya kioo cha kaunta, aone kama kinakwenda sawa au kinayumba kama mlevi. Kilichoyumba alikiweka kushoto. Kisichoyumba alikilaza juu ya kidole kimoja, karibu na nyuma, aone kichwa chake kinashuka haraka kiasi gani. Ndipo akakigonga kidevuni, pale mfupa ulipo karibu, akasikiliza sauti yake ndani ya kichwa. Maana vijiti hata vikitoka mti mmoja kila kimoja kina sauti yake, na ukichukua viwili visivyopatana, mkono wa kulia utasema hili na wa kushoto utasema lile, kama wake wenza. Hayo aliyaona kwa marehemu mumewe. Hakufundishwa, aliyaona tu.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso, ambayo kila baada ya dakika aliitafuta mifukoni.

"Mama," akasema, "unachagua vijiti au unachagua mkwe?"

"Mkwe ningeshamaliza. Mkwe akiyumba anashikwa mkono."

Watu waliokuwa nyuma wakacheka, binti akainamisha uso. Mwishowe Bi Wima akabaki na viwili, vyembamba, vyenye kichwa kidogo cha mviringo kama punje ya dengu. Vinene hakuvitaka. Anayepiga amekaa mikono yake hulala mbele, kijiti kizito humsaidia. Anayepiga amesimama mikono yake huning'inia, na kijiti kizito kitamvuta mabega mpaka jioni asiweze kuinua kikombe.

"Lakini si Baba Mdogo amesema brashi tu?" binti akauliza, akionyesha vifagio vidogo vya nyaya ukutani. "Vijiti vya nini sasa?"

"Baba yako mdogo amesema. Mimi nanunua."

Jina la Bi Wima alipewa na wenzake kazini, kwenye duka la dobi alikopiga pasi kwa miaka ishirini na mitatu. Mashine ya pasi ya pale ina meza pana yenye kifuniko, na chini ina kanyagio. Ukikanyaga, mvuke unatoka shaaa, shati linalainika, unashusha kifuniko, unahesabu mpaka nne, unainua. Wenzake wote walikuwa na viti virefu. Yeye kiti chake alikiwekea kopo la vifungo, akasema mtu akikaa, mkono unakosa uzito. Ndipo wakamwita Bi Wima, na jina likamfuata mpaka kwenye bendi, kwa sababu na ngoma nayo aliipiga amesimama.

Ngoma yenyewe haikuwa kama zile za kawaida, ambazo mpigaji hukaa katikati yake kama mpishi aliyezungukwa na masufuria. Hii ilikuwa moja tu, ndefu, juu ya miguu mitatu ya chuma, ikimfika kiunoni. Juu ina ngozi na chini ina ngozi. Ya juu hupigwa kwa mikono, na chini yake zimetandikwa nyaya chache za kuitia ukali kidogo. Ya chini hupigwa na nyundo ya sufi inayorushwa juu na kanyagio, kwa hiyo sauti nzito hutokea karibu na vidole vya miguu: dumm. Kando kuna toazi moja juu ya mkono wa chuma, na kengele ndogo. Ngozi zenyewe siku hizi ni plastiki, ila wapigaji bado huziita ngozi. Watu wa hotelini waliiita pipa.

Ilikuwa ya mumewe. Alipofariki, miaka tisa nyuma, bendi ilikuwa na kazi ya kupiga wakati wa chakula cha mchana kila Jumapili hotelini. Mdogo wake marehemu, ambaye ndiye kiongozi na mpiga gitaa, alifika nyumbani kabla hata viti vya wageni wa msiba havijarudishwa. "Shemeji," akasema, "wewe nyimbo zote unazijua. Tushikilie hapo kidogo mpaka nipate mtu." Bi Wima akashikilia. Mwaka ukapita, akashikilia. Mtu akiuliza ni nani yule mama, Shemeji huyo, maana Bi Wima naye alimwita hivyo, alijibu vilevile, "Anatushikilia tu." Na Bi Wima, akisikia hivyo, alikuwa anachukua kitambaa na kufuta toazi ambalo halikuwa na vumbi.

Sasa Jumanne, siku mbili kabla ya kwenda dukani, walikutana kwa mazoezi kwenye stoo ya hoteli, nyuma ya jikoni, katikati ya viti vilivyopandana. Walikuwa watatu: Shemeji, Bi Wima na mpiga besi, bwana mrefu waliyemwita Kimya kwa sababu neno lake moja lilitosha wiki nzima.

"Shemeji," kiongozi akaanza, "meneja mpya Jumapili atakaa mwenyewe mezani atusikilize. Wageni wanalalamika. Wanasema wakiombana chumvi wanapigiana kelele."

"Wasogezewe chumvi."

Kimya akakohoa ili asicheke.

"Sitanii. Nataka brashi. Brashi tupu, mwanzo mpaka mwisho. Vijiti viache nyumbani."

"Brashi zangu zilikufa, nilishakwambia."

"Miezi minne zimekufa, hazijazikwa tu? Nunua nyingine." Halafu akafungua begi lake, akatoa kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha shule, chenye taa nyekundu. Akabonyeza. Kisanduku kikaanza kupiga mdundo: tsi-ka, tsi-ka, tsi-ka, bila kuvuta pumzi. "Hiki hakibishi," akasema. "Hakibebwi na watu wawili kwenye ngazi. Jumapili nikiona kijiti mkononi mwako, nabonyeza hiki, na wewe upumzike. Umeshikilia vya kutosha, Shemeji. Nasema kwa heshima."

"Heshima yako nimeiona. Ina taa nyekundu."

Aliyasema hayo kidevu kiko juu, lakini moyoni palikuwa pameingia baridi, maana brashi zake hazikuwa zimekufa. Zilikuwa chini ya kitanda, ndani ya kopo la biskuti, nzima kabisa.

Ukweli ulikuwa huu. Jumapili moja, miezi minne nyuma, katikati ya wimbo wa taratibu, Bi Wima alifagia ngozi kwa brashi asisikie kitu. Akigonga, anasikia. Akifagia, hakuna. Nyaya za brashi zilikwenda zikarudi juu ya ngozi kama mtu anayesema huku mdomo ameufunga. Wiki hiyohiyo kazini mwenzake alimwambia, "Bi Wima, husikii mvuke unavuja hapo kwako?" Kweli hakuwa amesikia. Akajumlisha moja na moja: masikio yanakwenda. Hakumwambia mtu. Binti yake ni muuzaji wa famasi na kila ugonjwa ana maelezo yake. Angeambiwa, kesho yake kungewekwa kiti dirishani, na mama angeketishwa pale na mto mgongoni. Ndipo akadanganya kwamba brashi zimeharibika, akakamata vijiti, kwa sababu vijiti alivisikia. Na kwa kuwa alitaka kuvisikia vizuri, alivipiga kwa nguvu. Malalamiko ya chumvi yalianzia hapo.

Dukani, basi, baada ya vijiti, muuzaji akaleta fito. Hizi ni vijiti vyembamba kama njiti za mishikaki, kumi na mbili hivi, vimefungwa tita moja, na katikati kuna mpira. Ukiusogeza mpira mbele, vinabanana na sauti inakuwa kavu. Ukiurudisha nyuma, vinaachana, na sauti inatawanyika kama konzi ya mchele ikiangukia ungo. Bi Wima aliusogeza mpira mbele na nyuma mara nyingi hivi kwamba binti akaanza kusoma tangazo la ukutani kwa mara ya pili.

"Kuna za plastiki pia," muuzaji akasema. "Hizo hazivunjiki."

"Ndiyo maana hazina adabu. Kitu kisichovunjika hakijui pa kuishia. Nipe za mti."

Zikabaki brashi. Hapo mkono wa Bi Wima ukawa mzito. Alitazama mipini, akavuta ile pete ya nyuma, nyaya zikachomoza na kufunguka kama mkia wa ndege. Akazijaribu kwenye kiganja. Moja ilikuwa na waya mmoja uliopinda, akairudisha. Nyingine mpini wake uliteleza; akairudisha. Kisha hakukuwa na sababu nyingine ya kuchelewa.

"Jaribu pale, Mama," muuzaji akasema, akaonyesha ngoma mpya iliyokuwa karibu na mlango.

Akaisogelea kama mtu aliyeitwa kuchukua majibu ya vipimo. Akaweka brashi ya kushoto juu ya ngozi, akaizungusha.

Shaaa.

Sauti ilitoka mbali kidogo, kama iliyo nyuma ya pazia, lakini ilikuwepo. Akazungusha tena. Shaaa. Akaongeza ya kulia: shaa-taka, shaa-taka. Midomo ikaanza kumcheza.

"Mama, una nini?" binti akauliza. "Macho yamekuwaje?"

"Vumbi. Duka hili halifutwi."

"Mama mkwe mkali," muuzaji akasema, akaanza kutafuta miwani yake.

Bi Wima alitoka pale na vyote vitatu, brashi, fito na vijiti, amevikumbatia kifuani. Njia nzima alikuwa mwepesi. Kumbe ni brashi za zamani zilizochoka! Kumbe uongo wake ulikuwa kweli!

Walifika nyumbani jua bado liko dirishani. Ngoma ilikaa sebuleni nyuma ya kochi, imefunikwa shuka ya maua. Hakuvua hata viatu. Akaivua shuka, akakunjua brashi mpya, akafagia.

Hakuna sauti.

Akafagia tena, kwa nguvu. Hata kidogo. Akagonga kwa ncha: ta! Alisikia. Akafagia: hakuna.

Bi Wima akakaa chini. Alikaa kwenye mkono wa kochi, brashi zikiwa mapajani, na binti alipomwona mama yake amekaa huku ngoma iko mbele yake, akaacha alichoshika jikoni akaja.

"Unaumwa?"

"Sisikii," Bi Wima akasema. "Miezi minne sasa. Brashi hazikuharibika, ni mimi. Dukani nimesikia, nikajua nimepona. Nimefika hapa, sisikii tena."

"Miezi minne! Na mimi kutwa nzima niko famasi!"

"Ndiyo sababu sikukwambia."

Binti akavuta pumzi, akakaa upande wa pili wa kochi. Sauti yake ikawa laini, ile laini ya kumwambia mgonjwa ameze dawa. "Mama, sikiliza. Mwachie Baba Mdogo kisanduku chake. Umesimama maisha yako yote. Kwani ukipumzika nani atakucheka?"

"Mimi. Mimi ndiye nitakayejicheka. Mtu wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni."

"Lakini kama husikii..."

"Kama sisikii nitapiga kwa miguu. Nitapiga kwa meno. Kisanduku kikae nafasi yangu? Kile hakijui hata kula."

Kwa hasira, au labda ili mikono ipate cha kufanya, binti akamnyang'anya brashi moja, akaisugua juu ya ngozi kama anayesugua sufuria lililoungua. Akasimama. Akasugua tena, sikio amelitega.

"Mama," akasema polepole. "Hata mimi sisikii."

"Sema tena."

"Sisikii kitu. Inateleza tu."

Bi Wima akainuka. Akaweka kiganja juu ya ngozi, akakipitisha kutoka ukingoni hadi katikati. Ukingoni palikwaruza, kama ukuta uliopakwa chokaa, kama ulimi wa paka. Kadiri alivyosogea ndani pakawa laini, na katikati, duara pana kama sahani ya wali, palikuwa laini kama sahani yenyewe. Ile rangi nyeupe yenye chenga, inayozipa nyaya mahali pa kukwaruza ili zitoe sauti, ilikuwa imeisha. Mikono yake mwenyewe iliimaliza, Jumapili baada ya Jumapili, na juu ya hapo mikono ya marehemu kabla yake. Ilikwenda kidogo kidogo kiasi kwamba siku ilipokwisha kabisa, yeye akashuku masikio, hakushuku ngoma.

"Upara!" akasema. "Ngoma imeota upara!"

Wakaangaliana, kisha wakacheka mpaka binti akashika ubavu. Bi Wima aliipiga ile ngoma makofi kama mtu anayempiga mgongoni rafiki aliyemdanganya. "Miezi minne umenifanya kiziwi, wewe pipa! Miezi minne!"

"Ila mvuke wa kazini nao hukuusikia," binti akakumbusha, maana famasi haimwachi mtu.

"Kidogo yamefifia, sikatai. Kidogo si kufa."

Binti akapiga simu dukani. Jibu lilikuwa fupi: ngozi ya upana ule ni ya kuagiza, wiki tatu. Na Jumapili ilikuwa siku tatu mbele.

Bi Wima aliizunguka ngoma mara moja, mara mbili. Kisha akatandika taulo sakafuni, akalala kifudifudi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, akapenyeza mkono chini ya ngoma mahali nyundo ya kanyagio inapogonga. Akapapasa. Binti aliona nyayo zake zikitikisika kwa furaha.

"Marehemu alinunua mbili za aina moja," sauti ikatoka sakafuni. "Hii ya chini haijafagiwa hata siku moja. Niletee ufunguo wa skrubu, uko kwenye kopo la biskuti."

Jumamosi mchana waliipindua. Walilegeza skrubu kumi za juu na kumi za chini, sio kwa kufuata mzunguko, bali moja huku na mwenzake ng'ambo, ili pete ya chuma isipinde. Ngozi yenye upara ikapelekwa chini, ambako nyundo ya sufi haijali upara. Ya chini ikaletwa juu, nyeupe, yenye chenga zake zote, na doa jeusi katikati ukubwa wa kifungo cha koti, alama ya miaka yote ya kanyagio. Bi Wima akaikaza, akigonga karibu na kila skrubu na kusikiliza kwa kidevu, amekigusisha kwenye pete, mpaka zote kumi zikasema neno moja. Kisha akafagia.

Shaaa.

"Jumatatu tunapima masikio," binti akasema. "Hilo sikuachii."

"Jumatatu pimeni hata meno. Jumapili nimesimama."

Chumba cha kulia cha hoteli kilikuwa na meza kumi na nne, madirisha marefu, na sakafu ya vigae inayorudisha kila kijiko kinachoanguka. Bendi ilikaa kwenye kona, karibu na mlango wa wahudumu, mahali ambapo dramu za kawaida zisingeenea hata kwa dawa. Shemeji alikuwa amevaa koti la bluu. Kisanduku alikiweka kwenye kiti kando yake, taa inawaka tayari.

Bi Wima akatundika brashi kwenye ukingo wa ngoma. Halafu akafungua mfuko alioushona mwenyewe kwa kitambaa cha shuka za dobi, akaona Shemeji anaona.

"Nilisema nini juu ya vijiti?"

"Ulisema ukiviona mkononi. Viko mfukoni."

Wakaanza. Brashi ziliingia chini ya gitaa kama maji chini ya mlango, na Shemeji akageuza shingo, kwa kuwa sauti ile hakuwa ameisikia kwa miezi. Meneja, mwanamke kijana mwenye suti ya kijivu, alikuwa meza ya tatu, uma mkononi, akitikisa kichwa kidogo kufuata mdundo. Nyimbo tatu zikapita hivyo. Shemeji akatabasamu. Alidhani ameshinda.

Kisha ikaingia familia kubwa, watu ishirini na zaidi, na watoto, na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Meza zikaunganishwa, viti vikaburutwa, kila mtu akamwita mwenzake kwa jina. Chumba kikajaa kama bakuli. Brashi zikazama. Gitaa nalo likaanza kuzama, na Shemeji akawa analikwangua kwa nguvu, anatangulia, wimbo unamponyoka. Bi Wima alisikia ukianguka. Alizisikia nyayo zake zikisema unaanguka. Akaweka brashi, akachukua fito.

Macho ya Shemeji yakamtoka.

"Hizi fito," Bi Wima akamwambia bila kuacha kupiga. "Sio vijiti. Uliza muuzaji."

Mpira aliurudisha nyuma, sauti ikawa pana na laini, ikapita juu ya meza bila kumgusa mtu, na wimbo ukainuka ukasimama kwa miguu yake. Kimya akasogea hatua moja kumwelekea. Meneja bado alikuwa anakula.

Ukabaki wimbo wa mwisho, ule wa haraka, wimbo wa marehemu. Kwenye huo marehemu hakuwahi kutumia brashi wala fito. Bi Wima akafungua mfuko, akatoa vile vijiti viwili vyembamba, akavigonga kidevuni mara moja kila kimoja. Shemeji akaona. Akatazama meza ya tatu, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Tsi-ka, tsi-ka, tsi-ka.

Bi Wima hakukiangalia kisanduku. Akaanza kwa ncha tu, kwenye ukingo, kidogo kidogo, na dumm ya chini ikija na kanyagio, ile hesabu ya mguu ya miaka ishirini na mitatu ya mashati. Hakupiga kwa nguvu. Kwa nini apige kwa nguvu, na sasa anasikia? Kwa ubeti wa kwanza walikwenda pamoja, kisanduku na yeye. Lakini Shemeji ana tabia moja, na kaka yake alikuwa nayo vilevile: kila akikaribia kiitikio huvuta kidogo, kama mtu anayeshika kitasa na kufikiri kwanza kabla ya kufungua mlango. Bi Wima alikuwa akimngoja hapo kwa miaka tisa. Kisanduku hakikungoja. Kilifungua mlango kikaingia, na Shemeji akabaki nje na gitaa lake, mdomo wazi, neno la kwanza la kiitikio limeshapita. Mtoto mmoja wa ile familia akacheka kwa sauti.

Kimya alikuwa amekigeuzia kisanduku mgongo. Besi yake ilibaki na mguu wa Bi Wima. Na Bi Wima akaviringisha vijiti juu ya ngozi, trrrr, taratibu, akimshikia Shemeji mlango wazi, mpaka alipojikusanya akaingia. Ubeti wa pili ikawa hivyohivyo. Wa tatu, Shemeji alinyoosha mguu wake wa kushoto, akakizima kisanduku kwa ncha ya kiatu, hakumtazama mtu.

Walipomaliza, yule bibi wa kiti cha magurudumu alikuwa bado anagonga meza kwa kijiko. Meneja akaja na karatasi na kalamu, akapita kando ya sahani.

"Naandika ubao wa mlangoni," akamwambia kiongozi. "Gitaa nimeandika, besi nimeandika. Kwenye ngoma, karatasi ya meneja aliyepita inasema 'wa muda'. Tangu miaka tisa nyuma. Niandike nani?"

Shemeji alikuwa anafuta jasho. Neno likamtoka lenyewe, kwa mazoea. "Aa, huyu anatushikilia tu, mpaka..."

"Mpaka nini, Shemeji?" Bi Wima akauliza.

Kimya akaacha kuviringisha waya wa besi.

Safari hii Bi Wima hakuchukua kitambaa. Mikono aliiweka juu ya ngozi, yote miwili, vijiti chini ya viganja.

"Mimi sikushikilia kitu cha mtu," akasema. "Kaka yako akienda safari nilikuwa naivua shuka naipiga kwa viganja, kisha naifunika mikunjo ileile asijue. Hata yeye sikumwambia. Na siku ile ulipokuja nyumbani ukasema nikushikilie, nilikuwa na jibu mdomoni, nikaona aibu, watu wangesema mjane gani huyu. Nikalimeza. Miaka tisa nimelimeza, Shemeji, leo nalitema." Akamgeukia meneja. "Andika Bi Wima, mwanangu. Niliitaka ngoma hii mwenyewe wake yuko hai, niliitaka siku ya msiba, na leo naitaka. Nataka iwe yangu."